Maswali ya Wasomaji: Je, Kuigawa Diski Kunaipa Kompyuta Kasi?

Barua nne zilizotufikia zinagusa jambo moja, nalo ni imani iliyoenea kwamba diski ikigawanywa patisheni mbili au tatu kompyuta huwa nyepesi. Nimezijibu kwa kufuatana, kwa kuwa jibu la moja linalisaidia jibu la nyingine.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina laptopu niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye diski ya TB 1 ya ile aina inayozunguka, na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4. Tangu mwaka jana imekuwa nzito mno. Nikiiwasha asubuhi, nawahi kuchemsha chai na kuimaliza kabla haijakubali kufungua hata hati moja ya Word. Fundi mmoja ameniambia kwamba tatizo ni diski kuachwa chumba kimoja kikubwa, na kwamba akiigawa patisheni tatu, moja ya Windows, moja ya programu na moja ya mitihani na kazi zangu, mashine itakuwa nyepesi. Je, ni kweli? Na kazi zangu zitabaki salama? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, kuigawa diski hiyo hakutakupa wepesi unaoutafuta. Kwa mpango alioupendekeza fundi, yaani Windows upande mmoja na programu upande mwingine, huenda mashine ikawa nzito kuliko ilivyo sasa. Ili nisionekane natoa hukumu bila ushahidi, naomba tuiangalie diski yenyewe kwa ndani.

Niliwahi kuifungua moja iliyokuwa imekufa. Ukishaondoa skrubu na mfuniko, unakutana na sahani zinazong'aa kama kioo, zimepangwa kwenye mhimili mmoja, na pembeni yake kuna mkono mwembamba wenye ncha ndogo kuliko punje ya mchele. Ncha hizo ndizo vichwa vya kusomea na kuandikia. Sahani zikiwa mbili, vichwa huwa vinne, kimoja kwa kila uso wa sahani, lakini vyote vimefungwa kwenye mkono mmoja: haiwezekani kimoja kiende ukingoni na kingine kibaki katikati. Hilo ndilo jambo la kulishika kabla ya mengine yote, kwa sababu maswali karibu yote kuhusu patisheni na kasi yanajibiwa na mkono huo.

Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi, na kwa wastani kichwa hulazimika kusubiri nusu ya mzunguko, kama milisekunde 5 na nusu, mpaka data inayotakiwa ipite chini yake. Kabla ya kusubiri huko, mkono umeshatumia milisekunde zipatazo 12 kusogea hadi mahali panapohusika. Ukijumlisha, kila safari ya kuchota kipande cha data hugharimu milisekunde 17 na ushei, kwa hiyo diski haiwezi kufanya safari hata 60 katika sekunde moja. Windows inapoamka, pamoja na programu zote zinazojiwasha zenyewe, huhitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Hapo ndipo chai yako inapochemka na kwisha.

Patisheni inabadilisha nini katika hesabu hiyo? Patisheni ni mstari tu katika jedwali dogo lililoandikwa mwanzoni mwa diski, linalosema kwamba sehemu fulani inaanzia sekta hii (sekta ni kipande kidogo cha diski) na kuishia sekta ile. Jedwali hilo haliongezi sahani, haliongezi mzunguko, wala haliongezi mkono wa pili. Chumba ukikipiga kizigeu cha pazia unapata sehemu mbili za kulala, lakini mlango unabaki uleule mmoja, na watu wawili wakitaka kutoka kwa wakati mmoja watasubiriana.

Tuuchukue sasa mpango wa fundi wako. Unapofungua Word, programu yenyewe inasomwa kutoka patisheni ya pili, mafaili ya Windows ambayo Word inayategemea yanasomwa kutoka patisheni ya kwanza, na hati yako inasomwa kutoka ya tatu. Vitu ambavyo vingeweza kukaa jirani vimetenganishwa kwa makusudi, na mkono unalazimika kuruka kutoka eneo moja la sahani hadi jingine kila mara. Mtu mwenye diski iliyogawanywa anaweza kulithibitisha hili kwa masikio yake: anakili filamu ya GB 2 kutoka patisheni ya C kwenda patisheni ya D ya diski hiyohiyo, chumba kikiwa kimya, na aweke sikio karibu na kompyuta. Atausikia mkono ukikwaruza, kwa kuwa unasoma kidogo huku, unakimbia kuandika kule, kisha unarudi.

Ipo hali moja ambayo imani hii ina chembe ya ukweli, na sitaki kuificha. Sahani inapozunguka, ukingo wake wa nje husafiri umbali mrefu zaidi katika mzunguko uleule, na watengenezaji hujaza sekta nyingi zaidi huko nje kuliko ndani. Matokeo yake ni kwamba data iliyoko ukingoni husomwa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya ile iliyoko karibu na mhimili. Namba za sekta huanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo patisheni ya kwanza huangukia eneo zuri. Ukiitengea Windows GB 150 za mwanzo na sehemu iliyobaki usiiguse kabisa, mkono utakuwa unacheza katika ukanda mwembamba wa nje, na utapata nafuu inayopimika. Zamani wenye seva zenye kazi nyingi waliitumia mbinu hiyo kwa kuacha sehemu kubwa ya kila diski tupu. Lakini angalia sharti lake: ile sehemu nyingine isiguswe. Siku utakayofungua mitihani iliyoko huko ndani huku Windows ikifanya kazi zake huko nje, nafuu hiyo inapotea. Tena, Windows ikipigwa kwenye diski tupu isiyogawanywa, mafaili yake mengi huwekwa mwanzoni mwa diski vilevile.

Kwa maelezo yako, nashuku kwamba tatizo lako linaanzia kwenye RAM. GB 4 hujaa haraka sana siku hizi. Ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye faili maalumu lililoko kwenye diski, na diski ambayo tayari ilikuwa inahema inapewa mzigo wa RAM pia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uangalie safu ya diski na safu ya kumbukumbu. Ukiona diski iko asilimia 100 kwa dakika nzima na kumbukumbu imepita asilimia 85, umeshaupata ugonjwa. Kuna watakaokushauri ulihamishie faili hilo kwenye patisheni ya D. Usifanye hivyo, kwa kuwa ni diski ileile na mkono uleule, na utakuwa umeirefusha safari.

Fedha uliyokusudia kumpa fundi iweke kwenye mambo mawili: RAM ifike GB 8, na Windows ihamie kwenye diski ya SSD, hata ndogo ya GB 240. SSD haina sahani wala mkono. Inachukua sehemu ya kumi ya milisekunde, au pungufu ya hapo, kukifikia kipande cha data popote kilipo. Safari 10,000 ambazo kwenye diski yako zingechukua karibu dakika 3, kwenye SSD huisha kwa sekunde 1 hivi. Kama laptopu yako ina sehemu ya kuingizia DVD, uliza kijisanduku cha kuwekea diski mahali pa DVD. Diski ya zamani inaingia humo na kuendelea kutunza mafaili, na hapo utakuwa na diski mbili za kweli.

Kuhusu usalama wa kazi zako, kuipunguza patisheni kunaweza kufanyika bila kupoteza kitu, lakini si jambo la kumruhusu mtu alianze kabla hujanakili mitihani yako yote mahali pengine. Pia apime kwanza afya ya diski. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma rekodi ambayo diski hujiandikia yenyewe. Ikionyesha kwamba kuna sekta zilizoharibika na kuhamishwa, basi uzito wa mashine yako ni dalili ya diski inayokufa, na kazi ya kwanza ni kuokoa data.

SWALI: Mhariri, nimekuwa fundi kompyuta hapa Mwanza kwa miaka mingi. Mteja akileta mashine nzito, napiga Windows upya na kugawa diski C na D, na kila mara anarudi kunishukuru kwamba mashine imekuwa kama mpya. Aliyenifundisha kazi alinisisitizia jambo hili tangu enzi za Windows 95. Je, sote tulikuwa tunakosea? (Fundi, Mwanza)

JIBU: Fundi mwenzangu, aliyekufundisha hakukosea kwa wakati wake, na wateja wako hawakudanganyi. Naomba tuyatenganishe mambo mawili.

Windows 95 ilipotoka ilitumia mfumo wa mafaili uitwao FAT16, ambao huigawa patisheni katika mafungu yasiyozidi 65,500 hivi. Kwa kuwa idadi ya mafungu ina kikomo, patisheni ikikua, kila fungu lazima likue. Patisheni ya GB 2, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizoruhusiwa, ilikuwa na mafungu ya KB 32, na faili moja haliwezi kuchukua chini ya fungu moja. Barua ya KB 1 ilimeza KB 32. Mtu mwenye mafaili madogo 10,000 alikuwa akipoteza MB 160 hivi kati ya 2,000 alizonazo, na diski ilikuwa kitu ghali. Ukiigawa diski hiyo patisheni nne za MB 500, fungu linashuka hadi KB 8 na upotevu unashuka hadi MB 40. Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu zaidi: MS-DOS 3.3, mfumo endeshi wa mwaka 1987, haikukubali patisheni inayozidi MB 32, kwa hiyo mwenye diski kubwa hakuwa na hiari. Isitoshe, umeme ukikatika, ukaguzi wa mafaili ulipita diski nzima hatua kwa hatua, na aliyekuwa na patisheni ndogo alisubiri muda mfupi zaidi.

Sababu hizo zote ziliondoka moja baada ya nyingine. FAT32 ilikuja mwaka 1996, na Windows XP ya mwaka 2001 ikaufikisha mfumo mwingine wa mafaili, NTFS, kwenye kompyuta za nyumbani. NTFS hutumia mafungu ya KB 4 mpaka kwenye patisheni ya TB 16, na hutunza daftari la mabadiliko, hivyo umeme ukikatika hurekebisha mambo kwa muda mfupi bila kuikagua diski yote. Ushauri ukabaki, sababu zake zikafutika. Naamini ndivyo ilivyotufikia sisi wengi tuliojifunza kazi hii kwa kukaa pembeni ya fundi mkubwa.

Ama shukrani za wateja wako, zinatokana na jambo la kwanza ulilofanya, kupiga Windows upya, wala si la pili. Umeondoa programu kumi zilizokuwa zikijiwasha, umeondoa virusi, umerudisha mafaili ya mfumo ukingoni mwa diski yakiwa yamepangika, na umeacha nafasi tele. Mashine lazima iwe nyepesi. Ninakuomba ufanye jaribio moja, nami nitafurahi ukituandikia matokeo. Mashine itakayofuata, piga Windows bila kuigawa diski, kisha upime kwa saa ya simu muda unaopita tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia mpaka unapoweza kufungua programu. Pima mara tatu. Halafu igawe, upime tena mara tatu.

Nisieleweke kwamba nakukataza kugawa. Mteja mwenye D ana faida kubwa siku Windows itakapoharibika, kwa kuwa unaifuta C na kazi zake zinabaki. Hiyo ni sababu ya haki, na ndiyo ya kumweleza. Ninachoomba ni kwamba asilipishwe kwa jina la kasi.

SWALI: Bwana mhariri, salamu sana kutoka Mombasa. Mimi na mume wangu tuna studio ya picha za harusi. Kompyuta yetu ya mezani ina diski ya GB 500, na aliyetutengenezea aliigawa C ya GB 60 na D ya GB 440. Sasa C imekuwa nyekundu, Windows inakataa kujisasisha, na kila tukihariri picha nyingi mashine inaganda. D bado ina nafasi kubwa. Tufanyeje? (Mpiga picha, Mombasa)

JIBU: Dada, hii ndiyo hasara ya kugawa inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu nafasi mnayo, lakini iko upande wa pili wa ukuta. Windows 11 yenyewe hutaka hifadhi isiyopungua GB 64, na kila sasisho kubwa huhitaji nafasi ya ziada ya kufungulia mizigo yake kabla ya kuipanga. Programu za kuhariri picha, Photoshop ikiwemo, huweka faili kubwa la muda kwenye C msipozielekeza kwingine. Faili hilo likikosa nafasi, kazi inasimama.

Anzeni na hatua zisizo na hatari. Folda za Picha, Vipakuliwa na Eneo-kazi, ambazo kwa kawaida ziko C, zinaweza kuhamishiwa D: bonyezeni folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungueni sifa zake, na mbadilishe mahali inapokaa. Kisha ielekezeni programu ya picha iweke faili lake la muda D. Hili la mwisho litaondoa kuganda kunakotokana na C kujaa, lakini halitaongeza kasi, kwa kuwa C na D yenu ni diski moja.

Kuupanua ukuta wenyewe ni kazi nyingine. Zana iliyomo ndani ya Windows huipanua C kwa kutumia nafasi tupu iliyo mara tu baada yake, na nyinyi baada ya C mna D, pengine pamoja na kijipatisheni kidogo cha kurekebishia mfumo katikati. Kwa hiyo, kijipatisheni hicho kisipokuwepo, inabidi D inakiliwe yote kwenye diski ya nje, ifutwe, C ipanuliwe hadi GB 200 hivi, kisha D iundwe upya. Zipo programu zinazodai kuisogeza D yenyewe bila kuifuta, na nyingi hufanya hivyo vizuri, lakini zinasogeza kila baiti kutoka mahali pake. Mimi niliwahi kuisogeza patisheni namna hiyo kwenye kompyuta ya mezani ya jirani yangu, na umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Picha za harusi ya binti yake hazikupatikana tena, na nilikuwa sijazinakili. Naandika haya nikiwa na uchungu wa siku hiyo. Kazi hii mwifanye kompyuta ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba), baada ya picha kunakiliwa, na baada ya kuzifungua baadhi ya nakala hizo kwa macho yenu kuhakikisha zinaonekana.

Pia msiihesabu D kuwa ni akiba ya picha za wateja. Diski ikifa, C na D hufa dakika hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma TEHAMA mwaka wa kwanza chuoni Dodoma. Laptopu yangu ina SSD ya GB 512. Mwenzangu bwenini anasema niigawe ili Windows isiichakaze SSD yote, uchakavu uishie kwenye C peke yake, na pia kasi iongezeke. Nataka pia kujifunza Linux. Unanishaurije? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana nia njema, lakini SSD haifanyi kazi hivyo. Ndani yake kuna kidhibiti ambacho hupokea anwani inayotolewa na Windows, kisha chenyewe huamua data iandikwe kwenye chembe zipi, na hubadilisha chaguo hilo kila mara ili chembe zote zichakae kwa usawa. Sekta ambayo Windows inaiona kuwa iko mwanzo wa C, leo inaweza kuwa kona moja ya SSD na kesho ikawa kona nyingine. Kidhibiti hakijali mpaka wa C na D. Kinaichakaza SSD yote kwa pamoja, na kwa faida yako. Kasi nayo haibadiliki, maana hakuna mkono wa kusafiri, hivyo mwanzo na mwisho wa SSD ni sawa.

Kitu kinachosaidia ni kuacha nafasi tupu, angalau sehemu moja kati ya kumi, ili kidhibiti kipate mahali pa kupangia upya. Usiruhusu pia programu za kigeni za kupanga upya vipande vya mafaili ziiguse. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya sahani na mkono, na kwenye SSD zinaongeza kazi ya kuandika bure. Windows inaitambua SSD na kuihudumia kwa njia yake.

Kwa ajili ya Linux, hapo gawa bila wasiwasi, kwa kuwa mifumo endeshi miwili inahitaji kila mmoja patisheni yake. Ubuntu hupendekeza GB 25. Mwanafunzi atakayeandika programu ni vyema atenge 60. Ipunguze C kwa zana ya Windows yenyewe, kisha uiachie programu ya Ubuntu nafasi iliyo tupu. Lakini kwanza nakili kazi zako za chuo, na uangalie kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, kwa kuwa laptopu nyingi mpya huja hivyo bila mwenyewe kujua. Ikiwa imefungwa, mabadiliko ya namna kompyuta inavyowaka yanaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia chochote, kwa hiyo uingie kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute ufunguo huo, na uuandike kwenye daftari lako kabla hujagusa patisheni hata moja.